Kitulo mpaka Matema kwa mguu: mwongozo kamili wa kulala milimani na muongozaji

Mtu akiniuliza kuhusu kutembea kutoka Kitulo, hifadhi ya maua kule juu milimani, kushuka Matema kwenye ufuko wa ziwa Nyasa, swali la kwanza siku zote ni "kilometa ngapi", na mimi namrudishia langu, usiku utalala wapi na juu ya nini? Miguu ya mtu wa Mbeya haina shida, tumekua tunapanda Loleza kwa raba za shule. Safari za huku zinaharibikia usiku, mtu hajalala kwa baridi, asubuhi anaamka amekasirika na amekakamaa, halafu mchana ndo anateleza anatenguka mguu. Kwa hiyo mwongozo huu nitaupanga kwa usiku, mchana utajipanga wenyewe.

Jua pia kwamba huku hamna vibanda vya kulala kama vile vya Kilimanjaro njia ya Marangu, ambako unatoka Mandara unaenda Horombo unaenda Kibo na kila jioni kuna kitanda na paa. Wenzetu wa Ulaya wanaopita milima ya theluji kwa ski nao wanalala kibanda hadi kibanda, wanakuta blanketi na supu. Sisi tunachanganya, usiku mmoja gesti, mmoja hema, mmoja kwa watu kijijini, wa mwisho ufukweni. Ni safari ya siku tano usiku nne, na ukitaka kuibana iwe siku tatu utaishia kuona bodi za gari tu.

Kwanza chagua mwezi

Nyanda za juu kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba hivi mpaka Aprili, pengine na Mei inaguswa. Maua ya Kitulo yanafuata mvua hiyo hiyo, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na hapo ndo utaelewa kwa nini wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Aina za mimea zinazotajwa ni 350 hivi, okidi peke yake 45, na hifadhi yenyewe ilitangazwa 2005 kwa ajili ya maua hasa, sio kwa ajili ya tembo.

Tatizo ni kwamba mwezi wa maua ndio mwezi wa utelezi. Ule mteremko wa kwenda Matema ukiwa umelowa ni sabuni, sitanii. Kwa hiyo ushauri wangu, na najua wapo watakaopinga, kama unataka maua nenda Februari, zunguka Kitulo siku mbili tatu, rudi na gari, Matema iache. Kama unataka njia yote mpaka ziwani nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, nyasi zimekauka, maua machache, ila unaona mbali na unashuka salama. Juni na Julai pia ni kavu lakini usiku sakitu inashuka mpaka hema linakuwa jeupe asubuhi, mimi nimekuta maji ya kwenye sufuria yameshika barafu juu. Usiende Julai kama ndo mara yako ya kwanza kulala nje.

Muongozaji, na jinsi ya kuongea naye hela

Vijana wa mjini wanasema "gaidi", tena kwa kujisifia, "mimi na gaidi wangu tuko porini". Usimwandikie mama yako hivyo. Muongozaji inatosha.

Utahitaji watu wawili tofauti. Ndani ya hifadhi utapangiwa kule kule Matamba, kwenye ofisi ya hifadhi. Njia ya kutoka kijiji cha Bulongwa kushuka Matema iko nje ya hifadhi na ni ya wanakijiji, watu wanaipita na mizigo kichwani, kwa hiyo hapo unataka mtu wa kule kule, Mkinga anayeijua njia. Mfikie kupitia serikali ya kijiji, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti, salimia vizuri, jieleze, sema mko wangapi na mnaenda wapi. Hiyo sio urasimu, mkipotea yule mwenyekiti ndo atakayetoa vijana wa kuwatafuta.

Swali la kumuuliza ni moja tu, umeipita lini mara ya mwisho. Akisema "hii njia naijua tangu mtoto", mwambie ndio mzee, lakini lini? Mvua moja ya Machi inaweza kuondoka na daraja la miti na njia ikahama, anayejua ya zamani atakupeleka mtoni mkae mnatazamana.

Bei pataneni yote kabla ya kuondoka na uiandike kwenye meseji umtumie. Kwenye hiyo bei kuwe na posho yake ya siku, chakula chake, na nauli yake ya KURUDI, maana akishawafikisha ziwani ana mlima mzima wa kupanda au mzunguko mrefu wa magari, na watu wengi wanasahau hilo halafu wanabishana ufukweni. Kingine ni malazi yake. Safari yangu ya pili tulikuwa wanne na mahema mawili, tulihesabu kila kitu mpaka vijiko, muongozaji tukamsahau. Mzee wa watu alikaa kwenye moto mpaka asubuhi amejifunika kitenge na koti moja, hakulalamika neno. Asubuhi nikashindwa hata kumtazama usoni. Tangu siku hiyo hema la muongozaji ndo la kwanza kuingia kwenye begi.

Viingilio vya hifadhi hulipi keshi getini, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au benki. Beba kitambulisho, cha NIDA au hata kadi ya kura, maana Mtanzania ana bei yake na mgeni ana yake. Lipia Mbeya au Chimala kama unaweza, ukisubiri kulipia juu mtandao ukigoma mtakaa pale mnanyoosha simu hewani.

Vitu vya kubeba (Mwanjelwa kwanza, duka baadaye)

Usiende dukani kununua jaketi jipya. Nenda mitumba Mwanjelwa, soko la Mbeya mjini, asubuhi siku wanayofungua mabelo, tafuta tabaka tatu, fulana ya nailoni inayokauka haraka, sweta la flisi au la sufi, na koti la juu lisilopitisha upepo na maji. Jinzi acha nyumbani, ikilowa haikauki na inakunyonya joto usiku kucha. Slipingi begi nazo zinapatikana mitumbani, ikunjue uone zipu inafunga mpaka shingoni, inuse, na kama ni nyembamba nunua mbili uziingize moja ndani ya nyingine.

Watu wanahangaika na cha kujifunika wanasahau cha kulalia, wakati baridi kubwa inatoka chini. Godoro la povu jembamba lile linaloviringishwa ni bora kuliko blanketi la tatu. Ukikosa, kata nyasi kavu nje ya hifadhi tu, ndani hauruhusiwi kukata chochote, tandaza turubai juu yake.

Mvua inaingia kwenye kila begi hata lililoandikwa halipitishi maji. Dawa ya kwetu ni mfuko wa mbolea, ile salfeti yenye nailoni ndani. Itoe nailoni, ioshe vizuri sana ianikwe, halafu iweke ndani ya begi na kila kitu kiingie humo, funga mdomo kwa kukunja. Vifuko vyepesi vya plastiki vilipigwa marufuku tangu 2019 na vilikuwa havisaidii kitu.

Mengine yapitie haraka haraka: tochi ya kichwa na betri za akiba, pawabenki, kofia ya sufi, glavu, soksi jozi nne na moja kati ya hizo ni ya kulalia TU isiguse kiatu, kiberiti sehemu mbili tofauti, kisu, kamba, chandarua kwa ajili ya Matema, dawa zako, plasta, bandeji ya kukaza, chumvi ya kuongeza maji mwilini. Mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo 12, ukizidi lipa mpagazi, kijana wa kijiji anapata hela na wewe magoti yako yanapona.

Siku ya kwanza: Mbeya, Chimala, Matamba

Panda gari za kuelekea Makambako au Iringa, shuka Chimala. Pale chini ni joto la Usangu, watu wanauza mchele na unaanza kuvua sweta, usilifungie mbali. Kutoka Chimala kuna barabara inaitwa Hamsini na Saba, ndo idadi ya kona zake, gari linapanda linajikunja mpaka unaliona bonde lote la Usangu chini kama mkeka. Kama unatapika kwenye gari kaa mbele na usile chipsi mayai Chimala.

Hesabu ya baridi iko hivi, kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na Matema ufukweni ni kama mita 475. Yaani siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kati ya juu na ziwani kuna tofauti ya nyuzi kama 12 au 13, kabla hujaweka upepo.

Lala gesti Matamba. Wanaotoka Dar hasa, msipande uwandani siku hiyo hiyo, kuanzia mita 2,500 kuna watu kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi unakata. Usiku mmoja Matamba unasaidia. Kichwa kikiuma kunywa maji, pumzika, usiendelee kupanda, na kikizidi au mtu akianza kuyumba kama mlevi ashushwe hata kama ni usiku.

Siku ya pili: uwandani, na usiku wa hema

Anzeni kutembea saa 12 na nusu, msisubiri jua likolee. Uwanda ni nyasi mpaka upeo wa macho, wanyama wakubwa wa kukutisha hamna, ndo maana unatembea kwa raha, ila ndege wapo, yule tandawala mkubwa anayetembea kama mzee wa baraza, na kwenye mvua kuna mbayuwayu wa bluu. Usichimbe wala usichume. Vile viazi vya okidi wanavyoviita chikanda vilikuwa vinachimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia kuliwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za eneo hili kulindwa.

Kama ni msimu wa mvua, baada ya saa 8 mchana angalia mawingu. Uwanda hauna miti, mrefu kuliko wote hapo ni wewe. Ukiona radi anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kilometa moja, ikiwa chini ya 30 ondokeni kwenye kilima mshuke bondeni, msikae pamoja, muachane hatua nyingi, msikimbilie mti mmoja uliosimama peke yake, fimbo za chuma na vyuma vya hema weka mbali. Chuchumaeni juu ya mabegi mpaka ipite.

Kambi wekeni saa 10 jioni mkiwa bado na mwanga na bado mna joto mwilini. Sio mtoni kabisa, hewa ya baridi inatelemka inajaa mabondeni kama maji, panda kidogo pembeni, mgongo wa hema uelekee upepo. Halafu fanya kwa mpangilio huu, nimeujaribu mara nyingi: hema kwanza, pili badili nguo ya jasho YOTE mpaka ya ndani, tatu ndo upike. Ukianza na kupika ukiwa na jasho, jua likizama utatetemeka mpaka kijiko kinagonga meno.

Chakula cha huko juu kina siri yake. Maji kwenye mita 2,600 yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage hayaivi. Mimi nilibeba maharage makavu nikasema nitayachemsha taratibu, nimekaa nayo saa nne, mtungi mdogo wa gesi umeisha, tumekula yakiwa yanalia kama kokoto. Sasa hivi nachemsha nyumbani nayabeba yameiva, au nabeba dagaa, viazi vya Makete vilivyokatwa vidogo, unga wa ugali, parachichi za Rungwe ambazo bado ngumu ziivie njiani, na tangawizi nyingi. Maji ya kunywa yakianza kuchemka yaache yaendelee dakika tatu.

Kabla ya kulala nenda msalani hata kama hujisikii, kula kitu chenye mafuta, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu funga vizuri iingie kwenye slipingi begi miguuni. Simu na betri zilale na wewe, baridi inamaliza chaji. Acha uwazi kidogo juu ya hema ingawa moyo unakataa, ukifunga kabisa pumzi zenu zinageuka maji zinawadondokea.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa, JIKO LA MKAA HALIINGII NDANI YA HEMA. Wala la gesi. Huku kwetu kila mwaka msimu wa baridi tunasikia watu wameamka maiti vyumbani kwa sababu ya jiko la mkaa, na hema ni dogo kuliko chumba. Ile hewa haina harufu, unalala tu.

Mtu akitetemeka sana, maneno yakaanza kuwa mazito, anadondosha vitu, na hasa akiacha kutetemeka bila kupata joto, hiyo baridi imeshamwingia ndani. Mvueni vilivyolowa, avae vikavu, aingie slipingi begi pamoja na mtu mwingine, mpeni chai yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza. Pombe hapana. Najua kuna anayebeba konyagi "ya kupasha", ulanzi wa kijijini nao utaletewa kwa ukarimu, shukuru, onja, ila pombe inakudanganya una joto huku mwili unalipoteza.

Siku ya tatu: kwa gari mpaka Bulongwa

Asubuhi tembeeni tena saa chache upande wa misitu kama muda upo. Misitu ya milima ya Livingstone ndiyo makazi ya kipunji, nyani... hapana sio nyani, ni kima, aliyetangazwa na wanasayansi 2005 wakati wazee wa Kinyakyusa wanamjua miaka yote. Kumuona ni bahati, kumsikia inawezekana.

Mchana gari iwachukue iwasogeze Bulongwa, hiyo mlipange Matamba kabla. Wapo wanaotembea kipande hiki pia, mimi naona ni kuchosha miguu kwa kipande cha barabara wakati kesho ndo kuna kazi. Lala kijijini. Ukipewa chumba kwa mtu lipa, hata kama anakataa peleka sukari na sabuni, wakubwa waambie shikamoo, na usipige picha jikoni kwa watu bila kuomba. Bulongwa kuna hospitali ya Walutheri na Matema pia ipo, katikati hamna kitu, kwa hiyo mwenye goti linalouma aseme usiku huo, asijifanye mwanaume.

Siku ya nne: kushuka

Kata kucha za miguu usiku wa kuamkia. Kweli kabisa, kushuka siku nzima kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu, kucha inakuwa nyeusi, mimi nimepoteza mbili. Kiatu kaza kwenye kifundo, mbele legeza kidogo. Kila mtu awe na fimbo, mbili bora zaidi, mwili ushuke kwa hatua fupi goti likiwa limekunjwa kidogo.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Nilimuuliza muongozaji mara ya kwanza ni saa ngapi mpaka chini, akacheka, "Kijana wangu, mimi na gunia la viazi saa nne. Nyinyi na hizo raba, sijui." Ilikuwa siku nzima. Muda wa mwenyeji zidisha mara mbili ndo upange chakula na maji.

Mwendo ushike wa aliye nyuma, muongozaji mbele, mzoefu wa pili mwisho, hakuna kuachana hata kama mtu anaenda kujisaidia, mnasimama. Sheria yangu ni saa 7 mchana, mkifika saa 7 hamjapita nusu ya njia mnaongea na muongozaji kijiji gani kipo karibu mlale, msilazimishe na tochi. Na kuna wakati kama saa 5 hivi, mawingu yakifunguka, ziwa Nyasa linatokea chini yako lote la bluu, kila mtu anasahau njia anatoa simu huku anatembea. SIMAMA ndo upige picha.

Huko chini joto linarudi kwa kasi, unavua kila baada ya nusu saa, migomba na mikorosho inaanza, maji mwilini yanaisha bila kujua. Lita tatu kwa mtu.

Siku ya tano: Matema na kurudi

Nyumba za kulala wageni zipo ufukweni, fungeni vyandarua, mmetoka kwenye baridi isiyo na mbu mmeingia kwenye malaria. Kabla ya kuoga ulizeni wenyeji sehemu ya kuoga, kwa ajili ya mamba na kichocho, msijirushe tu. Miguu itakuwa kama ya kuazima, kushuka ngazi mbili ni vita, tembea polepole ufukweni itaachia.

Safari ikipangwa mkalala Ijumaa Matema, Jumamosi asubuhi kuna soko la Lyulilo pembeni tu, akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Nunua kimoja. Halafu gari za asubuhi mpaka Ipinda, hapo unapata za Kyela au Tukuyu, na Mbeya mnafika jioni. Muongozaji mpeni nauli yake kabla hamjapanda, mkononi, na hema lake alilolalia kama mnaweza kumwachia mwachieni. Chungu shika mapajani, kwenye buti ya Noah hakifiki Tukuyu.